Mahindi chini ya dungu: Marekani inabishania nini hasa kuhusu chambo cha kulungu?

Mnamo Januari 2025 jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, lilitangaza kuwa kulungu dume aliyepigwa na mwindaji katika kaunti ya Lanier alikutwa na ugonjwa wa kudhoofu sugu, maradhi ya ubongo yasiyo na tiba wala chanjo, ya ukoo mmoja na kichaa cha ng'ombe. Kwa hesabu ya nchi nzima hilo halikuwa jambo geni, kwa kuwa majimbo zaidi ya 30 yalikuwa yamekwisha kuupata ugonjwa huo. Kilichochochea ubishi ni mwendo wa sheria za Georgia yenyewe: mwaka 2011 wawindaji wa sehemu ya kusini ya jimbo waliruhusiwa kupiga kulungu penye chambo katika ardhi binafsi, na mwaka 2018 ruhusa hiyo ikaenezwa jimbo zima. Watu wakarudi katika kambi zao za siku zote. Wapo waliosema kwamba mahindi yanayomwagwa porini yamewalemaza wawindaji na sasa yanawaletea maradhi, na wapo waliojibu kwamba serikali imepata kisingizio cha kumwingilia mtu katika ardhi aliyoinunua kwa fedha yake.

Nadhani kambi zote mbili zinapima kwa kipimo kisichofaa. Mjadala umejengwa juu ya tabia ya mwindaji, yaani kama ni mvivu au hodari, huru au ameonewa, na ndani ya mjadala huo kilishio cha mahindi, yaani chombo kinachowamwagia kulungu chakula, kimewekwa upande mmoja kama kitu cha aibu, huku shamba la malisho lililolimwa kwa ajili ya kulungu wale wale likiwekwa upande wa pili kama uhifadhi. Kwa maadili ya uwindaji sioni tofauti kubwa baina ya viwili hivyo. Tofauti ipo, tena ni kubwa, lakini iko ardhini: ni idadi ya midomo inayogusa sehemu moja, ukubwa wa sehemu hiyo, na muda ambao inaendelea kutumika. Sheria ikitungwa kwa kutazama hayo, sehemu kubwa ya ubishi huu inakosa pa kusimama.

Kwanza niseme kwamba neno kulungu nalitumia kwa kukosa jingine. Kulungu wetu wa vichakani ana pembe za kudumu na ni ndugu wa swala na pofu, ilhali mnyama ninayemzungumzia, kulungu wa mkia mweupe wa Amerika, huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine; ndiye jamaa wa yule ayala tunayemsoma katika Zaburi ya 42 akiionea shauku mito ya maji. Kusini mwa Sahara hatuna mnyama wa asili wa jamii hiyo. Huko Marekani wako wengi kupita kiasi, wanakadiriwa kufikia milioni 30, wanakula maua ya bustani na kugongwa na magari barabarani, na mamilioni ya watu huwawinda kila msimu wa majani kupukutika.

Niliwahi kukaa juu ya dungu huko Texas, nikiwa mgeni wa jirani yetu. Dungu lenyewe halikuwa jambo geni kwa mtu aliyelelewa kwenye mashamba ya mpunga, ila kwetu mtoto hupandishwa dunguni awafukuze ndege wasile, na pale tulipanda tumngoje mnyama aje ale. Umbali wa hatua kama mia moja palisimama pipa la lita 200 juu ya miguu mitatu ya chuma, na chini yake kisahani cha bati kinachozungushwa na mota ya betri yenye saa. Kulipopambazuka mota ililia kwa sekunde chache, mahindi yakatawanyika na kugonga miguu ya pipa kama mvua ya mawe, na kabla vumbi halijatulia majike watatu walikuwa wamekwisha kufika. Walikuwa wanaujua ule mlio. Nilichokitazama zaidi ni ardhi iliyokuwa chini ya pipa: duara la upana wa sebule, lisilo na jani hata moja, limekanyagwa hadi kuwa gumu kama sakafu, na juu yake mahindi, vinyesi na udenda vimechanganyika. Mwenyeji wangu alisema mashine hiyo hulia mara mbili kwa siku, mwaka mzima.

Shamba la malisho ni kitu cha sura nyingine. Mtu mwenye ardhi husafisha kipande msituni, mara nyingi robo ekari hadi ekari kadhaa, akapanda klova (majani ya malisho), ngano, soya au mikunde ya namna nyingine, kisha hujenga dungu pembeni. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa kusikia kwamba miongoni mwa mbegu zinazopandwa majimbo ya kusini kwa ajili hiyo zimo kunde, zao ambalo asili yake ni bara letu, na fiwi, ambazo kaskazini mwa Tanzania huitwa ngwara na Kenya huitwa njahi. Kunde ambazo kwetu majani yake ni mboga ya maskini, kule hulimwa kwa trekta na mbolea ili mnyama mwitu azitafune mpaka shina, na mwenye shamba haweki hata punje moja ghalani.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linawagusa watu kiasi hicho, inafaa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia. Kufikia mwaka 1900 uwindaji wa biashara ulikuwa umewafyeka kulungu hawa hadi ikakadiriwa kuwa wamebaki laki tano au pungufu. Waliokolewa na mambo mawili. La kwanza ni sheria zilizokomesha biashara ya nyama za porini, ikianza ile ya shirikisho ya mwaka 1900 iliyozuia kusafirisha baina ya majimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. La pili ni fedha: tangu mwaka 1937 ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao sasa ni asilimia 11, unarudishwa majimboni kwa kazi ya wanyamapori. Juu ya yote hayo kuna kanuni kwamba mnyama mwitu si mali ya mwenye ardhi. Ni mali ya umma iliyowekwa mikononi mwa jimbo kama amana. Kulungu anayevuka uzio asubuhi akala kwa Fulani na jioni akalala kwa jirani yake ni wa wote wawili na wa wengine milioni kadhaa wasiomiliki hata kiwanja.

Hapo ndipo chakula kinapoleta matatizo. Texas, ambako takriban asilimia 95 ya ardhi ni ya watu binafsi, mwenye ardhi hawezi kumiliki kulungu, lakini anaweza kumshawishi abaki kwake. Mahindi ni ushawishi. Fiwi na klova ni ushawishi pia. Mwindaji anayelipia haki ya kuwinda katika ardhi hiyo huuliza kabla ya yote kama kuna vilishio, na vituo vya mafuta vya vijijini hupanga mbele ya milango yao magunia ya mahindi yenye picha ya dume la pembe pana. Biashara hiyo inagusa wakulima, wauza mbegu, watengenezaji wa mapipa na betri, hadi wenye vibanda vya kahawa. Kwa hiyo kila jimbo limejitungia utaratibu wake. Pennsylvania na Virginia zimeuzuia uwindaji wa kulungu penye chambo kwa sehemu kubwa. Alabama mwaka 2019 iliamua kuuza ruhusa, na mkazi wa jimbo akaanza kulipa dola 15 kwa mwaka ili apige mnyama penye mahindi bila kuvunja sheria. Wisconsin imechukua njia ya katikati: kaunti inapopatikana na ugonjwa, kulisha na kuweka chambo hupigwa marufuku kwa miaka mitatu, na kaunti iliyo jirani na mgonjwa huyo kwa miaka miwili, kisha muda ukiisha bila mgonjwa mpya mahindi yanarudi. Kuna wabunge wa huko ambao hawaachi kujaribu kuifuta sheria hiyo.

Sasa tutazame hoja, nikianza na ya maadili kwa kuwa ndiyo inayosikika sana na, kwa maoni yangu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyoasishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt kabla hajawa rais, ilieneza wazo la uwindaji wa haki: mnyama awe huru, na mwindaji asijipatie nafasi ambayo inamnyima mnyama uwezekano wa kuponyoka. Wazo hilo ni zuri na lilisaidia kukomesha uchinjaji wa karne ya 19. Ila mtu anayelitumia dhidi ya kilishio peke yake ana kazi ya kueleza kwa nini haligusi mambo mengine. Mwindaji anayekaa chini ya mwaloni unaoangusha mbegu anajua kulungu atakuja kula. Anayekaa pembeni mwa shamba la soya la mkulima anajua hivyo hivyo. Aliyelima ekari moja ya klova na kuielekezea dungu lake amefanya jambo lile lile kwa makusudi makubwa zaidi, kwa gharama kubwa zaidi, na kwa miezi mingi zaidi. Hata kwetu Tanzania, katika uwindaji wa kitalii, chui hupigwa akiwa amefuata nyama iliyotundikwa mtini, na wageni wanaolipa maelfu ya dola kwa safari hiyo, Wamarekani wengi wakiwamo, hurudi makwao bila kujiona walaghai.

Tena hoja hiyo ina harufu ya tabaka ambayo wanaoitoa hawaisikii. Shamba la malisho linataka ardhi, trekta, chokaa ya kurekebisha udongo, mbegu na muda. Gunia la mahindi linataka dola chache na mgongo wa kulibeba. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye ruhusa ya kuwinda Jumamosi mbili kwenye ekari kumi za shemeji yake hana uwezo wa kulima, na mzee asiyeweza tena kutembea msituni kutwa nzima anahitaji mnyama aje alipo. Ukimwambia kwamba mahindi yake ni udanganyifu na klova ya tajiri ni uhifadhi, usishangae akikupigia kura ya kukuondoa. Naona hiki ndicho chanzo cha hasira nyingi zinazoitwa utetezi wa uhuru.

Watetezi wa mashamba ya malisho hujibu kwa kutaja sheria ya ndege wa majini, na jibu hilo lina uzito kiasi. Tangu mwaka 1935 sheria ya shirikisho inakataza kuwapiga bata wahamao penye nafaka iliyomwagwa, lakini inaruhusu kuwawinda juu ya zao lililosimama shambani, au penye punje zilizobaki baada ya mavuno ya kawaida. Mahali palipomwagwa nafaka huhesabiwa kuwa na chambo hadi siku 10 baada ya punje zote kuondolewa. Mstari huo unaonekana kutenganisha kilimo na hila. Lakini ukiufuatilia utaona kuwa unakubali kitu ambacho jicho la kawaida lingekiita hila: mwenye fedha anaweza kupanda mahindi, akayaacha yasimame, akayafurikisha maji msimu unapoanza, na kuwapiga bata wanaokuja kuogelea baina ya mabua. Sheria hiyo ilitungwa kuzuia mauaji ya halaiki ya ndege na imefanya kazi yake. Haikutungwa kwa ajili ya ugonjwa, na kuihamishia kwa kulungu kama ilivyo ni kuazima funguo za nyumba nyingine.

Ugonjwa wenyewe ndio unaobadilisha hesabu. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti huko Colorado, kwa kulungu waliofungwa zizini, na mwaka 1978 wataalamu wakautambua kuwa ni wa jamii ya kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1981 ukapatikana kwa mnyama wa porini. Mwaka 2002 Wisconsin ikawa ya kwanza kuupata mashariki ya mto Mississippi, mwendo wa mamia ya maili kutoka ulipojulikana. Kinachousababisha si bakteria wala kirusi. Ni prioni, protini ya mwili iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine za aina yake zijikunje vivyo hivyo, hadi ubongo unabaki na matundu kama sponji. Mnyama anaweza kuwa nayo kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi akiwa mnene na mzuri wa macho, na kwa sehemu kubwa ya muda huo anaitoa kwa mate, mkojo na kinyesi. Kupika hakuiui. Udongo, hasa wa mfinyanzi, huishika, na inabaki na nguvu ya kuambukiza kwa miaka. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuambukizwa na kulungu, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe, na wanaokumbuka jinsi Uingereza mwaka 1996 ilivyolazimika kukiri kwamba kichaa cha ng'ombe kilikuwa kimewafikia walaji hawauchukulii ushauri huo kwa mzaha.

Sasa lirudie lile duara chini ya pipa. Kulungu porini hutafuna jani hapa, chipukizi pale, na kwa kawaida mdomo wake haurudi mahali pale pale ulipokuwa mdomo wa mwingine dakika tano kabla. Kilishio kinafanya kinyume cha mwenendo huo: kinawaita wanyama wa koo mbalimbali, ambao vinginevyo wangekwepana, wale punje zilizolala juu ya udongo ule ule, siku mia tatu kwa mwaka, wakilamba pamoja na mahindi chochote kilichoachwa na waliotangulia. Kama ningetaka kubuni chombo cha kukusanya prioni na kuzigawa, nisingeweza kubuni kilicho bora zaidi ya hicho.

Watetezi wa chambo wana jibu la haraka: kulungu hulambana, hupigana, hunusana na kulala pamoja hata bila mahindi, hivyo kuondoa kilishio hakubadilishi chochote. Hoja hii hurudiwa kila mahali na inastahili kukataliwa waziwazi. Ni kweli kwamba hulambana. Hulambana na jamaa zao, yaani jike na watoto wake na binti zake. Kinachoongezwa na kilishio ni mgusano baina ya familia zisizohusiana, na hilo ndilo linaloutoa ugonjwa katika familia moja na kuupeleka katika nyingine. Mtu akisema kwamba kwa kuwa watu wa nyumba moja huambukizana mafua basi hakuna haja ya kufunga mikusanyiko wakati wa mlipuko, tungemwelewesha kwa utaratibu. Michigan inatoa ushahidi ulio karibu. Kaskazini mashariki mwa jimbo hilo kifua kikuu cha ng'ombe kilipatikana kwa kulungu wa porini mwaka 1994, na ulishaji wa muda mrefu ukatajwa kuwa miongoni mwa vilivyokifanya kidumu. Chambo na ulishaji vikazuiwa katika kaunti zilizoathirika mwishoni mwa miaka ya 1990, uwindaji ukaongezwa, na kiwango cha maambukizi katika kiini cha eneo kikashuka kutoka karibu asilimia 5 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 2. Hakikufika sifuri, na hatuwezi kutenga sehemu ya mahindi na sehemu ya risasi katika mafanikio hayo, lakini kushuka kulikuwapo.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi, na wapinzani wa chambo huikwepa. Wanasema: Wisconsin imekuwa na marufuku katika kaunti za kusini magharibi kwa miaka mingi, na ugonjwa huko umepanda bila kusimama. Hilo ni kweli. Marufuku ya mahindi haijauponya mji wowote, na anayeahidi kwamba itauponya anawaandalia wananchi kukata tamaa. Mahali ambapo prioni zimekwisha kuingia udongoni na kulungu ni wengi, maambukizi yanaendelea kwa njia nyingine hata mapipa yote yakiyeyushwa. Kinachoweza kufanywa na marufuku ni kupunguza kasi, hasa mwanzoni, wakati wagonjwa ni wachache na bado wapo katika eneo dogo. Faida hiyo haina picha ya kuonyesha, kwa sababu hakuna anayeweza kuelekeza kidole kwa kulungu ambaye hakuugua, na ndiyo maana wanasiasa wanaona ni rahisi kuifuta. Kosa la sheria ya namna ya Wisconsin liko hapa: inangoja mgonjwa aonekane ndipo ichukue hatua, ilhali ugonjwa unaotembea miezi kumi na minane bila dalili huwa umekwisha kupita nyumba kadhaa kabla ya mlango wa kwanza kugongwa.

Na shamba la malisho je? Wenye mashamba wasijione wamepona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha katika maabara kwamba mimea ya nyasi inaweza kushika prioni juu ya majani yake na hata kuzivuta kutoka udongoni hadi kwenye shina. Pia shamba la robo ekari lililozungukwa na msitu mkubwa, likichungwa na makundi matatu kila jioni, linaanza kufanana na kilishio cha rangi ya kijani. Hata hivyo tofauti ya kiwango ni ya kweli. Katika ekari mbili za kunde mnyama anakula majani yaliyo juu ya ardhi, anasogea anapokula, na chakula kimetawanyika katika mita za mraba elfu nane badala ya mita ishirini tu. Kwa hiyo kama ningeulizwa ni kipi kinachodhuru kidogo ningejibu bila kusita kwamba ni shamba, lakini sababu yangu ni upana wake, na jasho la aliyelilima halimo kabisa katika hesabu hiyo. Kwa kipimo hicho hicho jiwe la chumvi, ambalo majimbo mengine hulisahau katika sheria zao, ni baya kuliko vyote viwili, kwa kuwa ndimi zote zinakutana juu ya kitu chenye ukubwa wa tofali na chumvi inapoyeyuka huwafanya wanyama waule udongo wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa Wamarekani hulipita haraka na ambalo msomaji wetu atalielewa upesi. Mahindi yaliyomwagwa chini, yakinyeshewa na kupata joto, huota kuvu wa sumukuvu. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, ambapo watu 125 walikufa, wengi wao huko Ukambani, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, wala Watanzania hawajasahau vifo vya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Porini hakuna bwana afya wa kupima. Kulungu wakubwa hustahimili kiasi fulani, lakini bata mzinga mwitu na ndege wengine wanaookota punje chini ya pipa hawana kinga hiyo. Na katika majimbo ya baridi, kulungu ambaye tumbo lake limezoea vijiti na magome anaposhindiliwa mahindi ghafla katikati ya majira ya baridi, tumbo hugeuka kuwa na asidi na anaweza kufa huku limejaa. Anayelisha kwa huruma hupaswa kuelezwa hilo kabla ya yote. Nguruwe mwitu, ambao Texas inapigana nao usiku na mchana, ndio wanaonufaika.

Limebaki fumbo ambalo wapinzani wa chambo wangependa lisitajwe. Katika maeneo yenye ugonjwa dawa pekee ambayo majimbo yanayo ni kupunguza idadi ya kulungu, na wapigaji wanaotumwa kufanya kazi hiyo, kama ilivyofanyika Illinois na Missouri, hutumia mahindi kuwavuta wanyama. Mwananchi aliyekatazwa anaona ofisa akimwaga gunia lile lile na anauliza kuna nini. Swali lake ni halali, na kumjibu kwamba ofisa ni mtaalamu ni kumtukana. Jibu linaloeleweka ni la muda na idadi: mahindi yanayowekwa kwa wiki chache ili waliokuja wapigwe hapo hapo hayafanyi kazi sawa na mahindi yanayomwagwa mwaka mzima ili dume mmoja apigwe Novemba na wale wengine thelathini warudi makwao. Kwa kipimo ninachopendekeza, cha midomo na mahali na muda, vitendo hivyo viwili vinatengana vyenyewe bila kuhitaji kuuliza nani amevaa sare.

Kutokana na hayo, sheria yenye kueleweka ingeanza kwa kuacha kuzungumzia maadili. Ingekataza ulishaji wa mwaka mzima mahali pamoja kila mahali, palipo na ugonjwa na pasipokuwa nao bado, kwa sababu faida yake ipo kabla ya mgonjwa wa kwanza. Jiwe la chumvi ingeliweka katika fungu hilo hilo. Ingeweka kipimo cha chini cha ukubwa wa shamba la malisho, ili kipande cha hatua thelathini kwa thelathini kisijifiche nyuma ya neno kilimo. Na mahali ambapo mila ya mahindi ina mizizi mirefu kiasi kwamba marufuku kamili itavunjwa usiku, ingeruhusu kiasi kidogo kinachotawanywa kwa mkono wakati wa msimu tu, mahali tofauti kila mara. Hilo mzee na mfanyakazi wa kiwandani wanaweza kulimudu, na halihitaji pipa wala betri. Wauzaji wa vilishio watalalamika, na wana haki ya kulalamika.

Wyoming inaonyesha ugumu wa kuanza kuchelewa. Huko kulungu wakubwa wanaoitwa elki wamekuwa wakilishwa majani makavu wakati wa baridi tangu mwaka 1912, kwa nia njema, ili wasife njaa na wasivamie ng'ombe wa wafugaji. Vizazi vya wanyama vimepita ambavyo havijui njia za zamani za kuhama, na sasa ugonjwa umeyafikia malisho hayo huku kila anayependekeza kuyafunga akiulizwa maelfu ya wanyama hao watakwenda wapi. Asubuhi ile ya Texas, tulipokuwa tukishuka dunguni, nilimwuliza mwenyeji wangu kama amewahi kulihamisha lile pipa. Alisema lipo pale tangu anunue ardhi, miaka kumi na moja, na kwamba akilisogeza hata mita mia kulungu wanaendelea kuja pale pale kwa wiki nyingi, wanasimama kwenye duara tupu na kulamba udongo.